Usisafirie Nyota ya Mwenzio: Wikendi Yetu kwa Kihispania

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, najua ukishaliona neno Kihispania ndani ya jarida la Chama cha Kiswahili utaligeuza utazame jalada, uhakikishe kuwa hukukosea. Hukukosea, nami sikukosea. Nakuomba unisikilize hadi mwisho, kisha ukitaka kunilaumu nilaumu. Nipo, sikimbii.

Mambo yenyewe ni haya. Mwaka huu mwalimu wetu mmoja, aliyejifunza Kihispania alipokuwa chuo kikuu, alijitolea kutusomesha lugha hiyo kila Jumatano baada ya masomo. Si somo la mtihani. Lugha za kigeni zinazotahiniwa kidato cha nne ni Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu, Kihispania hakimo. Basi tulioingia tuliingia kwa kupenda tu. Wengine walikuwa na hamu ya kazi za hoteli, wengine walitaka kuelewa watangazaji wa kandanda wa Barcelona na Real Madrid, na wengine, tusifichane, walifuata marafiki.

Tulianza na maamkio, tukaja majina, hesabu, na siku za wiki. Somo la tano tukafika pale wanapofika wanafunzi wote wa lugha za kigeni: wikendi. Swali ni hili: ¿Qué vas a hacer este fin de semana? Yaani, utafanya nini wikendi hii? Kitabu kilikuwa na majibu tayari. Nitakwenda sinema. Nitakula mkahawani na marafiki. Nitatembelea makumbusho. Nitakwenda kuteleza kwenye theluji. Tukaambiwa kila mtu atayarishe lake, Jumatano ijayo asimame aseme.

Siku ilipofika nilisimama kifua mbele nikasema: El sábado voy a esquiar en las montañas con mi familia. Jumamosi nitakwenda kuteleza kwenye theluji milimani pamoja na jamaa zangu. Sarufi ilikuwa sawa na matamshi sawa. Mwalimu akanitazama, kisha akauliza kwa Kiswahili, "Kwani siku hizi Ganjoni kunaanguka theluji?" Darasa zima likaangua kicheko. Nami nikacheka nao, nikaketi, nikaona nimepasi.

Ijumaa jioni mama alikuwa jikoni anamenya viazi. Mama yangu huuza mihogo ya kuchoma na viazi karai kule Mama Ngina, pale watu wanapokwenda kupunga upepo na kutazama meli zikiingia Kilindini. Akaniuliza, "Haya, hicho Kizungu kingine mmefika wapi?" Nikamsomea sentensi yangu, kisha nikamfasiria. Mama akanyamaza kidogo, kisu mkononi. Akisha akasema, "Theluji! Haya. Na mimi simo humo?"

Wallahi, sikuwa na la kujibu. Kesho yake, ambayo ndiyo Jumamosi yenyewe, nilikuwa naye tangu alasiri hadi saa tatu usiku, nikipepea makaa, nikipasua mihogo, nikitia pilipili na ndimu, nikihesabu chenji. Hiyo ndiyo Jumamosi yangu kila wiki tangu nilipokuwa darasa la sita. Maneno ya Kihispania ya kuisema nilikuwa nayo. Lakini haikunijia hata akilini kwamba ni kitu kinachofaa kusemwa kwa lugha ya kigeni.

Hapo ndipo lilipo neno langu. Wazee wetu wa pwani, ambao bahari waliijua, walisema: Usisafirie nyota ya mwenzio. Mimi nasema kuwa tunapojifunza lugha ya watu, tujifunze kuisema siku yetu wenyewe, na tuifikie kwa kupitia Kiswahili chetu. Tukifanya hivyo tutasema kweli, na zaidi ya hayo tutajifunza upesi. Hebu nianze na hilo la pili, maana najua wengi hawataliamini.

Kitabu tulichokuwa nacho kimeandikwa kwa ajili ya msomaji wa Kiingereza. Kila kitu kinaelezwa kama kwamba Kihispania ni kigumu ajabu. Kurasa nzima zinafundisha kutamka a, e, i, o, u. Sasa mwana wa Mombasa afundishwe kutamka a, e, i, o, u? Irabu za Kihispania ni tano, ni zile zile zetu, na husomwa kama zilivyoandikwa. Ile herufi ñ yenye kikofia ndiyo ny yetu ya nyama na nyanya. Soma mañana kama "manyana", umemaliza. Maana yake ni kesho.

Kisha kitabu kinamwonya msomaji kwa herufi nzito kwamba Mhispania hana haja ya kutaja "mimi" au "wewe" kabla ya kitenzi. Voy, vas, va. Mwingereza hushangaa. Wewe unashangaa nini? Naenda, unaenda, anaenda. Hatusemi "mimi naenda" ila tukitaka kusisitiza. Nao vivyo hivyo.

Tena lipo lile linalowatesa wengi, me gusta. Mwenye kufuata Kiingereza huanza na "mimi" halafu akatafuta kitenzi cha kupenda, akaharibu. Mwenzetu mmoja alisema yo gusto wiki tatu mfululizo, na kila mara alirudishwa. Lakini hebu lipitishe katika Kiswahili. Me gusta el mar: bahari inanipendeza. Me gustan los mangos: maembe yananipendeza. Umeona? Kinachopendeza ndicho kinachoongoza kitenzi, na kikiwa kimoja au vingi kitenzi hubadilika. Upatanisho huo tumeupigia domo tangu shule ya msingi! Nilipomweleza yule mwenzangu hivyo, hakukosea tena.

Hata mipango yenyewe ya wikendi ina mlango katika Kiswahili. Mhispania akipanga jambo husema "naenda": voy a nadar, naenda kuogelea. Nasi twaweza kusema hivyo hivyo. Pia tunayo -ta- ya "nitaogelea", na wataalamu wa lugha wanaeleza kuwa asili yake ni kitenzi "taka". Yaani Mhispania huiendea kesho, na Mswahili huitaka. Hayo hutayapata katika kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza, hata ukisome mara saba.

Sisemi kwamba Kiswahili kitakufikisha kila mahali. Pana mitego, na mtego wa kwanza umo katika hilo neno wikendi. Fin de semana ni mwisho wa wiki. Hebu tazama majina ya siku zetu. Jumamosi ni mosi, ya kwanza. Jumapili ni ya pili. Wazee wetu walihesabu wiki tangu Ijumaa ilipokwisha, siku ya sala kubwa. Basi hicho tunachokiita mwisho wa wiki, kwa hesabu ya Kiswahili ndio mwanzo wake! Wahispania wao hawahesabu. Sábado imetoka kwa Sabato, domingo ni siku ya Bwana, lunes ni siku ya mwezi wa angani, na viernes ni siku ya Venus, aliyekuwa mungu wa kike wa Warumi. Na sisi tusijione tumenyooka sana, maana tunazo siku mbili za tano: Jumatano kwa hesabu yetu, na Alhamisi, ambayo ni "ya tano" kwa Kiarabu, kwa hesabu ya Waarabu.

Nasema hayo kwa sababu wikendi si kitu kilichoshuka mbinguni. Kila watu wana yao. Falme za Kiarabu, waliko ndugu zetu wengi wa pwani kikazi, serikali ilikuwa ikipumzika Ijumaa na Jumamosi, hadi mwaka 2022 ilipohamia Jumamosi na Jumapili. Hapa Ganjoni kwenyewe, katika nyumba moja ya ghorofa utamkuta mmoja Jumamosi asubuhi yuko chuoni anasoma Kurani, wa chini yake yuko kanisani kwa Wasabato, wa pili anafua sare, na wa tatu, mlinzi wa zamu ya usiku, ndiyo kwanza analala. Sasa ukiwauliza wote "mtafanya nini wikendi" na ukatarajia sinema na theluji, umewauliza nini?

Mtego wa pili ni saa. Wanafunzi wawili wa darasa letu walipatana kukutana Mama Ngina wafanye mazoezi ya kuzungumza. Wakaandikiana kwa Kihispania, kwa fahari kubwa: El domingo a las diez. Mmoja alielewa saa nne asubuhi, kama Mhispania anavyoelewa. Mwenzake alikuwa akifikiri kwa Kiswahili, akabadilisha neno tu, kumi likawa diez, naye akaja saa kumi jioni. Wa kwanza alisimama juani hadi adhuhuri, akanywa madafu matatu, akaenda zake kwa hasira. Walinuniana siku mbili. Dawa ni ndogo: saa yao, toa sita au ongeza sita. Lakini funzo ni kubwa. Kupitia Kiswahili si kutafsiri neno kwa neno. Ni kujua kwanza wewe unahesabu vipi, ndipo ujue mwenzako anahesabu vipi.

Sasa nirudi kwenye lile la kwanza, la kusema kweli.

Wiki iliyofuata nilimwomba mwalimu nisimame tena. Nikasema: El sábado voy a ayudar a mi madre. Vendemos yuca y patatas. Jumamosi nitamsaidia mama yangu. Tunauza mihogo na viazi. Palikuwa na vicheko viwili vitatu nyuma. Mwalimu hakucheka. Aliandika ubaoni neno yuca, akatueleza kuwa huo ndio muhogo, na kwamba asili ya muhogo ni Amerika ya Kusini, ukaletwa Afrika na Wareno. Watu wa Kolombia na Peru na Kuba wanaula hadi leo, wanaukaanga na kuuchemsha kama sisi. Akasema, "Ukimwambia mtu wa huko habari ya theluji, wengi wao hawajaigusa. Mwambie yuca, atakuuliza mwaitilia nini."

Tafakari hilo, msomaji. Kihispania ni lugha rasmi ya nchi 20, na nyingi ziko Amerika, penye nazi, mapapai, mahindi na jua kama letu. Moja iko hapa hapa Afrika, nayo ni Ginekweta. Tulikuwa tunajitayarisha kuzungumza na mtu mmoja tu wa kitabuni, mwenye sinema na milima ya barafu, na tukawaacha mamilioni ambao Jumamosi yao inafanana na yetu.

Wala Kihispania na Kiswahili si wageni kabisa. Lugha zote mbili zimekula chungu kimoja cha Kiarabu, kwa kuwa Waislamu walitawala sehemu za Uhispania kwa karne nyingi, hadi Granada ilipoanguka mwaka 1492. Ndiyo maana sukari yetu kwao ni azúcar, limau ni limón, na narinji ni naranja. Wakiagana Ijumaa husema hasta el lunes, hata Jumatatu. Hiyo hasta na hiyo hata ni neno moja la Kiarabu lililosafiri njia mbili. Tena wakipanga mambo ya kesho huongeza si Dios quiere, Mungu akipenda, na wana neno ojalá la kutamani jambo litimie, ambalo wataalamu wanasema limetokana na Kiarabu cha Andalusia, ndani yake mna jina la Mungu. Mtu wa Mombasa asiyeweza kupanga wikendi bila kusema inshallah, kwa nini akione Kihispania kigeni?

Na ukitoka Ganjoni ukatembea hadi Mji wa Kale, utaikuta Ngome ya Yesu. Sote twajua kuwa Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Wengi hatujui kwamba mfalme wa Ureno wakati huo alikuwa Felipe wa Pili wa Uhispania, kwa sababu tangu mwaka 1580 hadi 1640 nchi hizo mbili zilikuwa chini ya mfalme mmoja. Wareno walituachia meza, bendera na mvinyo, ambayo kwa Kihispania ni mesa, bandera na vino. Walituachia pia gereza, ambalo kwao lilikuwa na maana ya kanisa. Basi hata hao waliokuja kwa mizinga lugha yao tuliimeza, tukaitia ngeli, ikawa yetu. Babu zetu walichukua maneno ya watu. Hawakuchukua Jumamosi yao.

Najua yapo maneno ya kunipinga, na ni haki yaelezwe. La kwanza ni la wanachama wenzangu. Wanasema kuwa Kiswahili chenyewe hatujakimaliza, alama zetu za insha ni hizo hizo, sasa tunapalilia shamba la jirani. Nawajibu kuwa jembe ni letu. Sikuwahi kutambua jinsi "inanipendeza" ilivyojengwa hadi nilipokutana na me gusta. Tena Kiswahili hakiogopi kukaa na wenziwe. UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi mwaka 2022, pamoja na Kiarabu, Kiingereza, Kifaransa, Kireno, na ndiyo, Kihispania.

La pili ni la rafiki yangu mmoja, naye ana hoja. Alisema, "Yakhe, mimi mwanzilishi, maneno yangu ni haba. Niache ninakili kitabu kwanza, kweli nitaisema baadaye nikijua." Nilikaa nikalifikiria. Ni kweli kwamba mwanzilishi hunakili. Lakini kweli ya wikendi yetu haihitaji maneno mengi. Inahitaji vitenzi 10: ir, kwenda, ayudar, kusaidia, vender, kuuza, lavar, kufua, visitar, kutembelea, jugar, kucheza, nadar, kuogelea, rezar, kusali, comer, kula, dormir, kulala. Vichukue hivyo na utaweza kusema kuwa utavuka feri Likoni kumtembelea nyanya, utafua sare, utacheza mpira, utakula mahamri na mbaazi Jumapili asubuhi. Ni vyepesi kuliko kile kitenzi cha theluji ambacho sijui nitakitumia wapi tena maishani.

La tatu lilinigusa zaidi. Msichana mmoja aliniambia baada ya darasa: "Wewe umesema ya mama yako kwa sababu wataka. Mimi ya nyumbani kwetu sitaki kuyasema, kwa lugha yoyote." Nikanyamaza. Siri ya mtungi aijuaye kata. Sisemi mtu alazimishwe kuanika ya kwao mbele ya darasa. Mwenye kutaka kunyamaza anyamaze, na mwalimu asimkazanie. Aseme voy a descansar, nitapumzika, yaishe. Ninachokataa mimi ni kile nilichofanya mwenyewe: kuwa na neno la kweli mdomoni, nikalitema kwa haya, nikaokota la uongo kwa sababu tu limechapwa kitabuni.

Maana haya hiyo haikomei kwa Kihispania. Sikiliza wenzetu Jumatatu asubuhi wakisimuliana wikendi kwa Kiingereza. Utadhani shule nzima ililala hotelini Nyali. Kila mtu "alichill", kila mtu "alienjoy", hakuna aliyebeba mtungi, hakuna aliyemlea mdogo wake. Tunaogopana. Mtu akizoea kuificha Jumamosi yake katika lugha tatu, siku moja atamficha na mamake.

Basi natoa pendekezo kwa chama. Muhula ujao tukae pamoja na wenzetu wanaosoma Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu, tutunge kijitabu cha mazungumzo ya wikendi ya Mombasa. Tuanze kwa Kiswahili fasaha, kisha kila kikundi kifasiri katika lugha yake. Ndani yake mwe na feri, chuoni, kanisa, Mama Ngina, maji ya mkokoteni, na mechi ya jioni. Walimu wetu watusahihishe. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza akikifungua, ajione humo tangu ukurasa wa kwanza.

Mimi kwa upande wangu nimeshaanza. Juzi nilimsomea mama ile sentensi mpya, nikaifasiri. Akanitaka niirudie. Alipolisikia lile neno madre akaniuliza, "Ndimi huyo?" Nikamwambia, "Ndiwe." Akaendelea kumenya viazi, lakini niliona anatabasamu.

Haya, nawe msomaji nakuuliza: ¿Qué vas a hacer este fin de semana? Usikimbilie kitabu. Na kama huna la kufanya, Jumamosi tangu alasiri mimi niko Mama Ngina kwenye mihogo. Njoo unijibu kwa lugha yoyote uitakayo. Ojalá mvua isinyeshe.